Mshirika Serikalini Apewe Jembe

Liko swali moja ambalo siasa za nchi yetu hulirudia kila baada ya uchaguzi wenye mgogoro. Swali lenyewe ni hili: chama chenye msimamo wa wastani, ambacho kimeshindwa au kinaamini kuwa kimedhulumiwa ushindi wake, je, kiingie serikalini pamoja na mshindani wake, au kibaki nje kikiyalinda madai yake? Kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba hili si swali la vitabuni. Liliulizwa mwaka 2010, likaulizwa tena mwaka 2016, likaulizwa mwaka 2020, na likarejea baada ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba, 2025. Kwanza lilikikabili Chama cha Wananchi, CUF. Baadaye likakikabili ACT-Wazalendo. Na hapana shaka litakikabili kila chama kitakachosimama kati ya wale wanaotaka kutawala peke yao na wale waliokwisha kukata tamaa na sanduku la kura.

Huenda wako watakaouliza: gazeti la Arusha, lililoko chini ya Mlima Meru, lina kauli gani katika mambo ya Visiwani? Jibu letu ni fupi. Tangu tarehe 26 Aprili, 1964 sisi na Wazanzibari tumo katika nyumba moja, na moto ukiwaka katika chumba kimoja, aliye katika chumba cha pili hawezi kusema kwamba yeye analala. Tena mji wetu huu una ujuzi wake katika jambo hili. Mapatano ya kugawana madaraka ya Rwanda yalitiwa saini hapa mwaka 1993, na yale ya Burundi mwaka 2000. Baraza letu wenyewe la madiwani limewahi kufanya mwafaka na kuuona ukivunjika. Tumeona mapatano yakizaliwa na tumeona mapatano yakizikwa, na si haki tuyaone hayo kisha tunyamaze.

Msimamo wetu tunautoa mapema ili msomaji asitutafute katikati ya maneno. Tunaamini kwamba chama cha wastani kiingie katika serikali ya pamoja, lakini kiingie kwa mkataba na wala si kwa fadhila. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Chama kinachoingia serikalini kikakaa miaka mitano kikiandaliwa kiti na kukaribishwa chai, bila ya kukabidhiwa jembe, hakimo serikalini. Kimo ugenini.

Kabla ya kusonga mbele ni vyema tukumbushane tulikotoka. Mwezi Januari, 2001 maandamano ya kupinga matokeo ya uchaguzi wa mwaka 2000 yalizimwa kwa risasi. Watu wakauawa, Pemba ikiumia zaidi, na wengine zaidi ya 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi. Hilo halikuwa limewahi kutokea kwa raia wa nchi hii, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi wa wengine. Mwafaka wa Oktoba, 2001 ulituliza mambo kwa muda. Kisha tarehe 5 Novemba, 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana, na kutokana na mkutano huo yakazaliwa maridhiano. Tarehe 31 Julai, 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakaikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Katiba ya Zanzibar ikabadilishwa: Makamu wa Kwanza wa Rais atoke katika chama kilichoshika nafasi ya pili, na uwaziri ugawanywe kwa kufuata idadi ya viti katika Baraza la Wawakilishi.

Matokeo ya uchaguzi wa mwaka ule yalikuwa asilimia 50.1 kwa Dakta Ali Mohamed Shein na 49.1 kwa Maalim Seif. Katika miaka iliyotangulia tofauti ndogo kama hiyo ingeweza kuleta maafa. Safari hii watu walirudi majumbani mwao wakiwa salama. Hilo ni tunda la maridhiano, na yeyote anayesema kwamba serikali ya pamoja haikuleta kitu, na aanze kwa kueleza utulivu wa mwaka 2010.

Lakini ukweli una pande mbili. Uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba, 2015 ulifutwa na Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar siku tatu baada ya kura kupigwa. CUF ikasusia uchaguzi wa marudio wa tarehe 20 Machi, 2016, Dakta Shein akatangazwa kupata asilimia 91.4, na kwa kuwa hakuna chama kingine kilichofikia asilimia 10 inayotakiwa na Katiba, nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais ikabaki tupu. Kile ambacho wananchi walikipitisha kwa kura ya maoni kikasimama kwa zaidi ya miaka minne. Mwaka 2020 Maalim Seif, akiwa sasa ACT-Wazalendo, alitangazwa kupata asilimia 19.87 katika uchaguzi ambao chama chake kiliukataa. Hata hivyo, mwezi Desemba alikula kiapo cha Makamu wa Kwanza wa Rais chini ya Dakta Hussein Ali Mwinyi. Alifariki dunia tarehe 17 Februari, 2021, na nafasi yake ikashikwa na Ndugu Othman Masoud Othman. Mwaka 2025 Ndugu Othman naye aligombea urais, akatangazwa kupata asilimia 23.22 dhidi ya 74.8 za Dakta Mwinyi, na chama chake kikayakataa matokeo. Gurudumu limezunguka na kurudi pale pale.

Wanaopinga chama cha wastani kuingia serikalini wanazo hoja, nasi hatutazidharau. Wanasema kwanza kwamba kuingia ni kuhalalisha: mtu aliyesema jana kwamba ameibiwa ng'ombe, leo akaonekana akinywa maziwa nyumbani kwa anayemtuhumu, ni nani atakayeyaamini madai yake kesho? Wanasema pili kwamba serikali ya pamoja hukinyima chama sauti, kwa kuwa waziri hufungwa na uamuzi wa pamoja na hawezi kusimama barazani kuikosoa serikali ambayo yeye ni sehemu yake. Wanasema tatu kwamba kila uchaguzi uliofuata baada ya maridhiano umekuwa na malalamiko yale yale ya uandikishaji, ya mawakala na ya hesabu za kura. Basi chama kimekaa serikalini kwa faida gani?

Hoja hizi ni nzito. Hata hivyo, zote zinaulizia namna ya kuingia, wala hazithibitishi kwamba kubaki nje ni bora. CUF ilibaki nje kuanzia mwaka 2016. Je, kubaki huko kulibadili sheria ya uchaguzi? Je, kulimpatia mwananchi wa Wete au wa Micheweni haki aliyoikosa? Chama kikajikuta kimo katika ugomvi wa ndani uliokimaliza nguvu, mpaka mwaka 2019 viongozi na wanachama wake wengi wa Visiwani wakahamia chama kingine. Kususa ni silaha, lakini ni silaha ya risasi moja. Ukikwisha kuifyatua, hubaki na bunduki tupu mkononi.

Hebu sasa tutazame yale ambayo Arusha yetu imeyashuhudia, maana mifano ya karibu hufundisha kuliko nadharia.

Mfano wa kwanza ni wa mwaka 1958. Serikali ya kikoloni iliweka utaratibu wa kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, katika nchi ambayo karibu watu wote walikuwa Waafrika. Ulikuwa utaratibu wa dhuluma, na katika mkutano wa TANU uliofanyika Tabora mwezi Januari, 1958 wajumbe wengi walitaka chama kisusie. Mwalimu Julius Nyerere alisimama upande wa kushiriki, na baada ya mjadala mkali mkutano ukamkubalia. Bwana Zuberi Mtemvu akajitoa na kuunda chama chake. Hapa Jimbo la Kaskazini jambo hilo lilikuwa gumu zaidi. Miaka saba tu kabla yake Wameru walifukuzwa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi, na Ndugu Kirilo Japhet akasafiri hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuyafikisha malalamiko yao. Kumwambia mtu mwenye jeraha kama hilo akubali kuwa na mkulima wa Kizungu katika orodha moja kulihitaji ujasiri. Hata hivyo, kutoka jimbo hili waliingia katika Baraza la Kutunga Sheria Ndugu Solomon Eliufoo, Bwana Derek Bryceson na Bibi Sophia Mustafa wa Arusha, wote watatu wakiungwa mkono na TANU. Miaka mitatu baadaye Tanganyika ilikuwa huru.

Wakati huo huo kilikuwapo chama kingine kilichojiita cha wastani. Kiliitwa United Tanganyika Party, nacho kiliundwa mwaka 1956 kwa kuungwa mkono na Gavana Twining. Kilishindwa vibaya, na muda si mrefu kikatoweka. Vyama vyote viwili vilikubali kushiriki katika utaratibu mbovu. Tofauti ni kwamba wastani wa TANU ulikuwa na wanachama nyuma yake na lengo mbele yake, ilhali wastani wa yule mwingine ulikuwa na Gavana nyuma yake na hofu mbele yake. Chama cha wastani kinachotaka kuingia serikalini leo kijiulize ni upi kati ya wastani hizo mbili kinaoufuata.

Mfano wa pili ni wa huzuni. Tarehe 4 Agosti, 1993 Serikali ya Rwanda na chama cha RPF walitia saini hapa Arusha mapatano ya amani. Viti 21 vya serikali ya mpito vilikwisha kugawanywa: MRND vitano, RPF vitano, MDR vinne pamoja na uwaziri mkuu, PL vitatu, PSD vitatu na PDC kimoja. Vyama vile vya katikati, ambavyo havikuwa vya Rais wala vya wapiganaji, ndivyo vilivyotegemewa kuishika mizani. Serikali hiyo ilitakiwa kuundwa katika siku 37. Siku hizo zikapita, miezi ikapita, na serikali haikuundwa. Wenye siasa kali wakaingia ndani ya MDR na PL wakavipasua, kila kimoja kikawa na upande wa maridhiano na upande wa chuki. Katibu Mtendaji wa PSD, Félicien Gatabazi, aliuawa mwezi Februari, 1994. Na tarehe 7 Aprili, siku moja baada ya ndege ya Rais Habyarimana kuangushwa, Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana wa MDR naye akauawa. Watu wa msimamo wa kati walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwindwa. Mahakama ya Kimataifa iliyoyachunguza maafa hayo iliketi katika mji wetu huu mpaka mwisho wa mwaka 2015, na sisi tulipita mlangoni pake kila siku. Fundisho lake ni kwamba mapatano yasiyotekelezwa kwa tarehe yake huwapa maadui wa mapatano muda wa kujipanga.

Mfano wa tatu unatia moyo zaidi, ingawa nao hauna ukamilifu. Mazungumzo ya Burundi yaliongozwa na Mwalimu Nyerere mpaka alipofariki mwezi Oktoba, 1999, kisha yakaongozwa na Mzee Nelson Mandela. Mapatano yalitiwa saini hapa tarehe 28 Agosti, 2000. Ubora wake ulikuwa katika hesabu. Yalisema kwamba jeshi lisiwe na zaidi ya nusu ya kabila moja. Katiba ya mwaka 2005 iliyotokana nayo ikataja asilimia 60 na 40 katika serikali na Bunge, na nusu kwa nusu katika Seneti. Kipindi cha mpito kiligawanywa miezi kumi na minane kwa huyu na kumi na minane kwa yule, na zamu ilipofika mwaka 2003 Rais Pierre Buyoya alimkabidhi madaraka Domitien Ndayizeye. Mgogoro wa mwaka 2015 kuhusu kipindi cha tatu cha Rais Nkurunziza ulionyesha kwamba hata mapatano mazuri huweza kupindishwa na mwenye nguvu. Lakini kilichoandikwa kwa tarakimu na kuingizwa katika Katiba kilidumu kuliko kile kilichoachwa katika nia njema.

Mfano wa nne ni wa nyumbani kabisa. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2010 Baraza la Madiwani la Arusha liligawanyika kati ya CCM na CHADEMA, na uchaguzi wa Meya uliofanyika mwezi Desemba ukazua mgogoro. Tarehe 5 Januari, 2011 maandamano ya kupinga uchaguzi huo yalikabiliwa na polisi, na watu wakapoteza maisha katika mitaa hii tunayoifahamu. Baadaye mwaka huo madiwani walikaa pamoja wakafikia mwafaka wa kugawana uongozi. Ulikuwa mwafaka wa watu waliochoshwa na ugomvi. Lakini viongozi wa juu wa CHADEMA waliukataa kwa kuwa ulifanywa bila ya ridhaa yao, na madiwani watano wakafukuzwa uanachama. Kata zao zikakaa muda mrefu bila ya mwakilishi. Hatuwahukumu waliofanya mwafaka wala waliowafukuza. Tunasema tu kwamba mapatano yasiyopitishwa na wenye chama ni nyumba isiyo na msingi, hata kama waliojenga walikuwa na nia safi.

Tukiyaweka mafunzo haya manne mbele ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya Zanzibar, tunaona kasoro zake waziwazi. Katiba ya Zanzibar inasema kwamba Makamu wa Kwanza wa Rais ni mshauri mkuu wa Rais, naye hufanya kazi atakazopangiwa na Rais. Tafsiri ya maneno hayo ni kwamba ukubwa wa jembe lake unategemea hisani ya mtu mmoja. Tangu mwaka 2010 ofisi hiyo imekabidhiwa mambo ya mazingira, ya watu wenye ulemavu, ya UKIMWI na ya dawa za kulevya. Hayo ni mambo ya maana, na hatuwezi kuyadharau. Lakini si hayo yaliyowatoa watu barabarani mwaka 2001. Kilichowatoa ni namna uchaguzi unavyoendeshwa, na katika jambo hilo mshirika hana mkono.

Tena Katiba inagawa uwaziri, na kuhusu wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya na masheha haikuweka mgao wowote. Mwananchi wa kawaida haonani na waziri. Yeye huonana na sheha. Ni sheha anayemtambua kuwa mkaazi, na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi ndicho kilichofanywa msingi wa kuandikishwa kupiga kura. Huko juu viongozi wakipeana mikono mbele ya wapiga picha, huku chini kijana akaambiwa arudi kesho, na kesho arudi kesho kutwa, kijana huyo hataamini kwamba nchi ina serikali ya umoja. Umoja hujaribiwa mezani kwa karani.

Na iko kasoro ya tatu ambayo sisi wa Bara hatuna haki ya kuifumbia macho. Polisi na ulinzi ni mambo ya Muungano. Basi vyama viwili vinapopatana Unguja, chombo ambacho mwenendo wake siku ya uchaguzi ndio unaoamua kama watu watalala salama hakimo katika mapatano yao. Maridhiano ya Visiwani yasiyo na sahihi ya Serikali ya Muungano ni mkataba wa watu wawili kuhusu shamba ambalo ufunguo wa lango lake uko kwa mtu wa tatu.

Kwa hiyo tunasema kwamba chama cha wastani kiingie, lakini kiweke masharti, na masharti hayo yafuate njia ambayo wazee wa miteremko ya Meru wameifuata katika kugawana maji ya mifereji. Wao hupanga zamu wakati maji yapo, na hawangoji siku ya ukame. Kila mwenye shamba anaijua siku yake, anayevunja zamu hutozwa faini mbele ya wote, na aliye juu ya mfereji anajua kwamba hawezi kuyafunga maji kwa sababu tu yanapita kwake kwanza.

Sharti la kwanza liwe kwamba mapatano yaandikwe na yachapishwe, ili mvuvi wa Kojani na mkulima wa karafuu wa Mkoani wayasome kama wanavyoyasoma mawaziri. Maridhiano ya mwaka 2009 yalianza kwa mazungumzo ya faragha ya viongozi wawili, na tunawaheshimu kwa ujasiri wao. Lakini kinachokaa katika vifua vya watu wawili huondoka nao. La pili, kazi za Makamu wa Kwanza wa Rais zitajwe katika sheria, na miongoni mwake iwemo nafasi ya kweli katika kuandaa sheria za uchaguzi na katika kupendekeza wajumbe wa Tume. La tatu, mgao ufike mikoani, wilayani na katika shehia. La nne, kila jambo liwe na tarehe yake, na yawepo mapitio ya kila mwaka mbele ya Baraza la Wawakilishi. La tano, mkutano mkuu wa chama uyapigie kura mapatano hayo kabla ya mtu yeyote kula kiapo. La sita, Serikali ya Muungano iwe shahidi na mdhamini, kwa maandishi.

Na chama kijue pia mlango wa kutokea. Mshirika asiyeweza kuondoka si mshirika, ni mateka. Lakini kuondoka nako kuwe kwa utaratibu uliotajwa: tarehe fulani ikipita bila ya jambo fulani kutekelezwa, chama kirudi kwa wanachama wake na kuwauliza. Hapo hakuna atakayesema kwamba viongozi waliingia kwa njaa na kutoka kwa hasira.

Kwa watendaji wa Serikali tuna neno mahsusi. Katibu mkuu, mkuu wa wilaya, ofisa wa uandikishaji, askari na sheha, ninyi mmezoea kusikia kwamba siasa ni ya wanasiasa. Si kweli. Waziri wa chama kingine anapoletewa faili likiwa limechelewa kwa makusudi, au anapokosa kuitwa katika kikao kinachohusu wizara yake, maridhiano yamevunjwa na mtu ambaye jina lake halitatokea gazetini kamwe. Mkivunja kidogo kidogo kila siku, siku ya kuvunjika kwa kishindo msije mkashangaa. Kiapo chenu ni kwa Katiba, na Katiba ya Zanzibar inasema serikali ni ya umoja wa kitaifa.

Kwa chama tawala tunasema kwamba kukabidhi jembe si kushindwa. Mwaka 2008 jirani zetu wa Kenya walizika zaidi ya watu 1,000 kabla ya Rais Mwai Kibaki na Bwana Raila Odinga kutia saini mapatano ya tarehe 28 Februari, mbele ya Bwana Kofi Annan na Rais Jakaya Kikwete wa kwetu. Rais wetu alikuwa tayari kuwashuhudia wengine wakigawana madaraka ili nchi yao ipone. Dawa tuliyompelekea jirani haiwezi kuwa sumu kwetu. Mwaka 2025 nao umetuonyesha, Visiwani na Bara, kwamba uwanja wa katikati ukibanwa, watu hawabaki wakikaa kimya pembezoni. Chama kikuu cha upinzani kilikosa kuwamo katika kura, na siku ya uchaguzi ghasia na vifo vikatokea katika miji kadhaa, Arusha ikiwa mmojawapo. Anayeua siasa za wastani anajiandalia mshindani mkali zaidi.

Na kwenu ndugu zetu wa Unguja na Pemba, ambao mmeyabeba haya kwa zaidi ya miaka thelathini ya vyama vingi: msiwadharau viongozi wenu wanapochagua kuketi meza moja na wapinzani wao, wala msiwaache waketi hapo bila ya kuwauliza. Waulizeni wamepewa kazi gani. Waulizeni tarehe. Waulizeni ni sheha gani aliyebadilika na ni daftari gani lililosafishwa. Mtu aliyepewa jembe huonyesha tuta alilolima, na anayeonyesha kiti alichokalia hana budi kurudishwa shambani au kurudishwa nyumbani.

Siku mbili za ugeni zimekwisha kupita. Ya tatu imefika, na jembe liko mkononi mwa mwenyeji. Tunamtaka alitoe, na tunamtaka mgeni alipokee akiwa amekunja mikono ya shati.